Kingpini na bushi za Elf ya zamani: kuzitoa, kuzifunga, na kulinda njia ya grisi

Hajji mmoja anayesomba simsim na mihogo kutoka Yumbe aliniletea Elf yake, lori dogo la Isuzu, hapa Arua, Uganda, akashuka bila hata kuzima injini. "Fundi, kingpini hizi ulinifungia kabla ya mfungo, na gari limeanza tena kuyumba." Tukapiga hesabu: miezi minne. Kingpini, yaani pini nene ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, zikifungwa vizuri, hata kwenye barabara zetu za vumbi jekundu, nazitarajia zikae miaka.

Nilifungua upande wa kushoto na aibu ikanipata hapo hapo. Bushi ya juu, yaani mrija mfupi unaoizunguka pini, ilikuwa kavu, imejaa unga wa kutu wa rangi ya kahawa, na pini imeliwa upande mmoja. Tundu la bushi halikutazamana na tundu la nipeli, kile kichwa kidogo cha kupigia grisi. Nilikuwa nimeigonga bushi ndani ikiwa imezunguka kidogo, upana wa ukucha tu, na grisi haikupata pa kupita. Nikamwuliza taniboi wa Hajji kama alikuwa akipiga grisi. Akasema, "Kila Jumapili, fundi. Ila hiyo ya juu ilikuwa inakataa, nikajua imejaa."

Kosa lilikuwa langu, nikabadilisha tena bila malipo ya ufundi. Tangu siku hiyo naifanya kazi ya kingpini kama kazi ya kutafutia grisi njia: kuanzia kwenye nipeli, ipite kwenye bushi, izunguke pini, itokee upande wa pili. Hatua zilizo hapa chini nimezipanga hivyo.

Kwanza hakikisha gari lako lina kingpini

Maelezo haya ni ya magari yenye ekseli ya mbele ya chuma kimoja kizima kutoka gurudumu hadi gurudumu, iliyofungwa chini ya springi za bapa: Elf za zamani, Canter nyingi, Dyna kubwa, na pikapu chache za zamani za kubebea mzigo mzito. Zipo Dyna na Canter ndogo ambazo kila gurudumu la mbele linajitegemea. Hizo hutumia bol-jointi, kama Hilux nyingi. Land Cruiser ya mfululizo wa 75 ina ekseli nzima mbele, lakini inageukia kwenye beringi za roli na hupangwa kwa njia nyingine. Ingia chini uangalie kabla ya kutuma hela ya spea.

Kwenye ncha ya ekseli kuna jicho. Stabu, yaani kile chuma kinachobeba gurudumu, ina umbo la uma: jino moja linakaa juu ya jicho, jingine chini yake. Kingpini inapita jino la juu, jicho, kisha jino la chini. Ndani ya jicho imefungwa kwa pini ndogo ya kabari na haizunguki. Stabu ndiyo inayozunguka, juu ya bushi mbili zilizoshindiliwa kwenye meno yake. Uzito wa gari unaoshuka chini haubebwi na bushi. Unabebwa na beringi bapa tunayoiita thrasti, inayokaa kati ya jicho na jino la chini. Kwa hiyo usukani unaweza kuwa mzito kwa sababu ya thrasti iliyosagika ilhali bushi ni nzima, na gari linaweza kuyumba kwa sababu ya bushi ilhali usukani ni mwepesi.

Kupima kabla ya kulaumu

Piga jeki chini ya ekseli, si chini ya chesi, mpaka gurudumu liachane na ardhi. Weka mkono mmoja juu ya tairi na mwingine chini, kisha vuta na kusukuma. Vitabu vya Kizungu vinasema saa kumi na mbili na saa sita. Kwetu saa hizo zimebadilishana majina, lakini mikono inakaa pale pale.

Likicheza, usiseme bado ni kingpini. Mwambie mtu akanyage breki kwa nguvu, kisha tikisa tena. Ukiona mchezo umekwisha, beringi za habu (kitovu cha gurudumu) ndizo zilizolegea, kwa sababu breki imeishika habu na stabu zikawa kitu kimoja. Ukiona bado linacheza, tazama kwa tochi kati ya stabu na jicho la ekseli: utaliona jino likisogea. Hiyo ndiyo kingpini. Kipimo hiki cha dakika mbili kimeokoa hela za watu wengi waliokuja kwangu wakiwa tayari na seti mpya mkononi.

Mchezo wa kushoto na kulia, mikono ikiwa kwenye mbavu za tairi, mara nyingi unatoka kwenye tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele) au sanduku la usukani. Kisha weka nondo chini ya tairi na uinue taratibu: ukisikia "tak" na kuona stabu ikipanda na kushuka kwenye jicho, thrasti imekwisha au shimu (pete nyembamba za kujaza mwanya) zimeliwa.

Dalili za barabarani unazijua: usukani kutetemeka ukipiga shimo ukiwa kwenye kilomita 50 au 60 kwa saa, tairi kuliwa ukingo mmoja, gari kutafuta njia yake lenyewe. Iko na dalili ya kinyume ambayo watu huisahau. Ukikata kona na usukani usirudi wenyewe katikati, pini imekauka na kushikana na bushi. Hapo hutaona mchezo wowote kwenye jeki, lakini ugonjwa ni ule ule wa grisi.

Spea na vifaa

Badilisha pande zote mbili. Seti kamili ina pini mbili, bushi nne, thrasti mbili, shimu za unene tofauti, pini za kabari na nati zake, vifuniko, mipira ya kuzuia vumbi, na wakati mwingine nipeli. Sisi wa Arua tunaagiza soko la spea la Kisekka, Kampala, na mzigo unakuja na basi la usiku. Usiagize kwa kusema "ya Elf" tu. Toa pini moja ya zamani, pima unene na urefu kwa venia (kipimo cha milimita) sehemu ambayo haikuliwa, yaani ile iliyokaa ndani ya jicho, kisha piga picha pini ikiwa pembeni ya rula. Elf za miaka tofauti zina pini zinazofanana kwa macho na kutofautiana kwa milimita moja au mbili, na basi la kurudisha spea nalo lina nauli.

Bushi ziko za shaba, ziko za chuma chenye utando wa shaba ndani, na ziko za plastiki ngumu. Za plastiki huingia bila kukwanguliwa na kazi inaisha haraka, lakini kwa gari linalobeba tani tatu kwenye njia ya Koboko mimi nachukua za shaba. Hayo ni mapenzi yangu. Wenzangu wapo wanaozifunga za plastiki na wateja hawajalalamika.

Vifaa: jeki ya tani tano au zaidi, stendi mbili za chuma, nyundo ya kilo mbili na nyingine ya kilo nne, fimbo ya shaba au chuma laini nyembamba kuliko pini, tindo, fila geji (vibati vya kupimia mwanya), venia, pampu ya grisi, waya, dizeli ya kuoshea, na grisi ya lithiamu namba 2 ya kazi nzito. Kisha rima, chombo cha kukwangulia tundu la bushi mpaka lifikie kipimo cha pini. Kama huna rima ndefu inayopita bushi zote mbili kwa pamoja, usinunue fupi. Peleka stabu zako kwa mwenye mashine ya kukerezea.

Kufungua

Simamisha gari mahali pagumu na tambarare, ziba magurudumu ya nyuma kwa mawe makubwa mbele na nyuma. Legeza nati za magurudumu kabla ya kuinua. Angalia upande wa kushoto: kwenye Elf na Canter nyingi za zamani nati za huko hufunguka kinyume, na utaona herufi L kwenye ncha za studi. Nimeona kijana akiongeza bomba la mita mbili kwenye spana ya magurudumu na kukata studi tatu, akidhani zina kutu.

Inua, weka stendi chini ya ekseli pande zote mbili, karibu na springi. Jeki peke yake haitoshi, kwani mbele tutapiga nyundo nzito na gari litatikisika.

Toa gurudumu, kifuniko cha habu, spliti pini, nati na washa, kisha vuta habu na dramu kwa pamoja, kidole gumba kikiizuia beringi ya nje isianguke kwenye mchanga. Dramu ikikataa, rudisha nyuma kirekebishi cha breki. Viatu vya breki vimeshika kwenye mdomo wa kutu.

Bamba la breki halihitaji kufunguliwa bomba la mafuta. Fungua bolti zake zinazolishika kwenye stabu, litoe likiwa na viatu na silinda yake, ulitundike kwa waya kwenye chesi. Lisining'inie kwa bomba la mpira hata dakika moja. Bomba linaweza kuchanika ndani na wewe usione kitu kwa nje. Kumbuka bolti ipi ilitoka wapi, maana kwenye baadhi ya magari baadhi ya bolti hizo ndizo zinazoshika mkono wa usukani na ni ndefu kuliko nyingine.

Tairodi: toa spliti pini na nati, kisha usiipige ncha ya nyuzi. Weka nyundo kubwa upande mmoja wa jicho la mkono, gonga kwa nyundo ndogo upande wa pili. Mapigo mawili matatu makali, ncha ya tairodi itaachia yenyewe. Upande wa dereva kuna pia fimbo inayotoka kwenye sanduku la usukani. Ifungue kwa njia hiyo hiyo.

Kutoa pini

Hapa ndipo mchana unapoishia. Anza na pini ya kabari, ile ndogo inayopita kwenye jicho la ekseli kwa mlalo. Paka dizeli iliyochanganywa na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, iache usiku kucha ukiweza. Legeza nati mpaka iwe sawa na ncha ya nyuzi, usiitoe kabisa, kisha gonga juu ya nati kwa fimbo. Nati inazilinda nyuzi zisivimbe. Pini hii ikitoka, weka alama ya chaki upande ilikoingilia, kwa sababu itarudi kwa upande huo huo.

Kisha vifuniko vya juu na chini. Vingine vina bolti. Vingine ni visahani vilivyopigwa ndani ya stabu, navyo hutobolewa katikati kwa tindo na kung'olewa. Vikishatoka, chungulia kwa tochi. Ukiona grisi nyeusi na laini, pini itatoka kwa heshima. Ukiona unga mwekundu, tayarisha chai.

Weka fimbo juu ya pini na uigonge kwa nyundo ya kilo nne kuelekea chini. Pigo moja zito linashinda kumi za kubembeleza. Mapigo madogo huivimbisha kichwa pini na kuikaza zaidi. Isiposogea baada ya mapigo kumi, acha. Tengeneza fremu ya chuma kinene inayolishika jicho la ekseli, ingiza ndani yake jeki fupi ya mafuta, isukume pini kwa jeki mpaka ikaze, halafu piga ubavu wa jicho kwa nyundo huku jeki ikisukuma. Pini iliyokaa miaka kumi na tano inaachia kwa mlio kama wa risasi, na taniboi asiyetegemea hukimbia.

Moto wa gesi ni wa mwisho kabisa. Ukilazimika, pasha jicho la ekseli kwa nje, sawasawa pande zote, kiasi cha tone la maji kuruka na kukauka mara moja, kisha simama. Chuma kikianza kuwa chekundu umeshaharibu ugumu wa ekseli, na ekseli ya mbele si kitu cha kujaribia. Vifuniko vyote viwili viwe vimetoka kabla ya moto, la sivyo grisi iliyofungiwa ndani itachemka na kurusha kifuniko usoni. Bomba la breki lifunikwe kwa tambara bichi, na ndoo ya mchanga iwe karibu.

Stabu ikitoka, usitupe shimu za zamani wala usichanganye za kushoto na kulia. Zioshe, zipime, andika.

Jicho la ekseli

Osha jicho, kwangua kutu kwa msasa laini, ingiza pini mpya ikiwa na mafuta kidogo. Inatakiwa iingie kwa kusukumwa na mkono au kwa pigo dogo la mpini wa nyundo, na ikiwa ndani isitikisike hata kidogo. Ikitikisika, jicho limeliwa, na seti mpya itakaa wiki chache tu.

Barabarani utakuta fundi anazungushia pini kipande cha kopo la soda na kukuambia imekaza. Imekaza leo. Bati hilo linasagika, pini inaanza kuzunguka ndani ya jicho na kukata pini ya kabari, na jicho lililokuwa la kurekebishika linakuwa la kutupwa pamoja na ekseli. Dawa ni kulitanua jicho kwa mashine na kuingiza pini nene zaidi, kama ipo ya gari lako, au kulivika pete ya chuma. Kazi hiyo inahitaji mashine ya kukerezea, na ekseli lazima itolewe.

Bushi, na tundu lile lile

Toa bushi za zamani kwa kuzisukuma na kipande cha chuma cha mviringo ambacho unene wake unapungua kidogo kuliko tundu la stabu; soketi ya zamani inafaa. Ikikataa, pitisha msumeno mwembamba ndani ya bushi, kata taratibu upande mmoja bila kugusa stabu, kisha ikunje kwa tindo.

Kabla ya bushi mpya kukaribia stabu, toa nipeli zote na pitisha waya kwenye matundu yake mpaka utokee ndani. Grisi ya miaka mingi huganda humo kama simenti. Puliza kwa upepo kama una kompresa. Safisha nyuzi, weka nipeli mpya.

Sasa itazame bushi. Ina tundu moja, na ndani ina mfereji. Piga mstari wa kalamu ya wino mzito kutoka kwenye tundu mpaka ukingoni. Piga mstari mwingine kwenye stabu, sawa na tundu la nipeli, mpaka ukingo wa mdomo. Mistari hiyo miwili ikikutana wakati wa kuanza, na ikibaki imekutana mpaka mwisho, matundu yatatazamana. Mfereji ukiwa na mwisho mmoja wazi na mmoja uliozibwa, mimi nauelekeza ule wazi upande wa ekseli, ili grisi chafu itokee huko badala ya kusukuma vifuniko.

Kuishindilia bila presi: chukua nondo yenye nyuzi, ipitishe kwenye bushi na jino la stabu, weka washa nene pande zote mbili, kaza nati. Bushi inaingia polepole na wima, na unaona mistari yako muda wote. Nyundo haikupi nafasi hiyo. Ndiyo iliyonidanganya kwenye gari la Hajji. Mama wa duka jirani ana friza ya soda, na bushi zangu hulala humo usiku mmoja zikiwa zimefungwa kwa plastiki. Shaba hupungua kwa baridi, si sana, lakini inaanza kuingia bila kupinda ukingo. Malipo yangu ni kununua soda mbili.

Bushi ikikaa, pitisha waya kupitia tundu la nipeli. Lazima uuone ukitokea ndani ya bushi. Usipouona, itoe. Rudia kwa zote nne. Hatua hii haina njia ya mkato, na inachukua dakika tano.

Kukwangua: baada ya kushindiliwa, bushi huwa imebanwa na pini haiingii. Funga stabu kwenye jiliwa, pitisha rima ndefu kwenye bushi zote mbili kwa pamoja, ili matundu yabaki kwenye mstari mmoja. Zungusha upande wa saa tu, kwa mikono miwili, bila kusukuma sana. Hata unapoitoa endelea kuzungusha upande huo huo huku unavuta. Ukiirudisha nyuma, makali yanalika na shaba inachanika. Tanua rima kidogo sana, kwangua, osha, jaribu pini. Ni kazi ya subira, kama kunyoa mtoto.

Mwanya ninaoulenga ni milimita 0.03 hadi 0.08. Kama huna kipimo cha namna hiyo, paka pini mafuta membamba uipitishe kwenye bushi zote mbili: ishuke kwa kusukumwa na kidole gumba, isidondoke yenyewe, na isihitaji nyundo. Ikipita kwenye bushi ya juu peke yake na ya chini peke yake lakini ikikataa kupita zote mbili, matundu hayako kwenye mstari, na kukaza kwa nguvu hakutayanyoosha. Mwisho osha stabu kwa dizeli, pitisha tambara, uhakikishe hakuna chembe ya shaba kwenye mfereji wala kwenye njia ya nipeli.

Kuirudisha

Jaza thrasti grisi kwa vidole mpaka itokee upande wa pili. Upande wenye kifuniko cha chuma uelekee juu, ili maji na vumbi visianguke ndani, isipokuwa kama beringi ina alama inayosema vingine. Weka mipira ya vumbi, paka grisi ndani ya bushi na kwenye pini.

Inua stabu kwenye jicho, thrasti iwe chini ya jicho, juu ya jino la chini. Weka jeki ndogo chini ya stabu uisukume juu mpaka thrasti ibane. Sasa mwanya wote umehamia juu, kati ya jicho na jino la juu. Upime kwa fila, chagua shimu inayoujaza ikibaki chini ya milimita 0.10, yaani fila ya 0.10 isipite. Usikaze mpaka stabu igome kugeuka. Ingiza shimu, ukiangalia isikunjwe na pini inapopita.

Pini ina mkato ubavuni. Kabla ya kuiingiza, piga mstari wa wino kwenye kichwa chake upande ule ule wa mkato, ili ujue unakotazama ikiwa imezama. Igonge taratibu mpaka mkato ulingane na tundu la pini ya kabari. Chungulia kwa tochi upate mwezi kamili, si mwezi mwandamo. Ingiza pini ya kabari kutoka upande uliowekea chaki, igonge, kaza nati, igonge tena, kaza tena. Mara nyingi nati inapata robo mzunguko baada ya pigo la pili, na robo hiyo ndiyo ingelegea barabarani.

Geuza stabu kwa mkono kutoka kikomo hadi kikomo. Igeuke kwa uzito sawa njia nzima. Ikikaza mahali pamoja, kuna kitu kimepinda au shimu imekaa vibaya, na ni bora uitafute sasa.

Kabla ya kufunga vifuniko, piga grisi. Nitarudia kwa sababu ya yule taniboi: vifuniko viwe bado nje, ili uione grisi kwa macho yako ikitokea kwenye ncha ya pini, na kwenye mwanya wa jicho. Piga stabu ikiwa inaning'inia bila uzito, ukiigeuza kushoto na kulia, ili grisi ifike pia kwenye thrasti. Nipeli nne, kila moja itoe grisi mpya. Baada ya hapo ndipo vifuniko, na gasketi zake au mipira yake mipya.

Bamba la breki, habu, na tairodi hurudi kwa mpangilio wa kinyume na vilivyotoka. Beringi za habu: kaza nati huku ukizungusha habu, kisha irudishe kidogo mpaka habu izunguke huru bila kutikisika. Spliti pini zote ziwe mpya. Kwenye tairodi, tundu lisipolingana na nati, kaza mbele mpaka tundu linalofuata. Usilegeze kutafuta tundu. Rekebisha breki ulizozirudisha nyuma, na ukanyage pedali mara kadhaa kabla gari halijasogea.

Magurudumu yatazame wapi

Ekseli nzima haina marekebisho ya kuinamisha gurudumu. Kilichobaki ni tairodi. Inua mbele, zungusha kila tairi huku msumari ukichora mstari mwembamba katikati ya meno yake. Shusha, sukuma gari mbele mita chache likae. Pima kati ya mistari miwili upande wa mbele wa matairi, kwa kimo cha katikati ya habu, kisha pima nyuma yake kwa kimo hicho hicho. Mbele panatakiwa pawe padogo kuliko nyuma kwa milimita chache. Magari mengi ya aina hii hukaa kati ya 0 na 4. Fuata namba ya kitabu cha gari lako kama unacho, na ukipata mashine ya alaimenti mjini, pita.

Endesha kwanza bila mzigo, barabara tupu. Kata kona kwa mwendo wa polepole, legeza mikono: usukani urudi wenyewe. Usiporudi na tairodi ni nzima, bushi umezibana mno na rima inakusubiri.

Baada ya kilomita 200 kaza tena nati za pini za kabari na nati za magurudumu. Grisi: njia ya lami, kila kilomita 2,000 au 3,000; njia ya vumbi au tope, kila wiki mbili, na siku hiyo hiyo ukivuka maji yaliyofika kwenye habu. Piga gari likiwa limeinuliwa kwa jeki chini ya ekseli. Futa nipeli kwanza, la sivyo unasukuma mchanga ndani.

Na mwonyeshe taniboi wako jambo moja kwa vitendo. Pampu ikigoma na grisi ikirudi pembeni ya nipeli, pale hapajajaa. Abadilishe nipeli, ageuze usukani, ajaribu tena, na ikigoma mara ya pili gari liletwe gereji kabla ya safari inayofuata. Yule wa Hajji sasa huja mwenyewe na kunipigia honi langoni: "Fundi, ya chini kulia leo imekataa." Juzi ilikuwa nipeli tu, imejaa udongo wa Yumbe.